Gurudumu la Kushoto

Kaka yangu mkubwa alikuwa na meno mabovu, na meno hayo ndiyo yaliyokuwa chombo chake cha kazi. Gari linalonguruma likiletwa kwenye gereji yetu pale Kimemi, mjini Butembo, aliliinua kwa kriki, akaniambia nizungushe gurudumu, kisha akaegemeza ncha ya turnevis ndefu, yaani bisibisi, kwenye ekseli na kuuma mpini wake. Mlio ulipita ndani ya chuma ukamfikia kwenye taya. Beringi nzima, roulement kama tunavyoiita kwetu, inasikika kama maji yanayotiririka mbali. Iliyochakaa inasaga changarawe. Mafundi wengine waliweka turnevis sikioni, naye aliwacheka, akisema sikio linasikiliza na kelele za soko. Nilijifunza hivyo kwake, na leo siwezi kutafuna hindi la kuchoma.

Tulikuwa na desturi nyingine. Gari likishatengenezwa, fundi alipanda pamoja na mteja mpaka mlima wa kwanza nje ya mji, akiwa amefumba macho. Dereva alipinda kushoto, kisha kulia. Ukipinda kushoto uzito unalalia upande wa kulia, na kama beringi ya kulia ni mbovu inapiga kelele. Fundi akiridhika alishuka, akapeana mkono na mteja, akarudi mjini kwa miguu. Ilikuwa heshima. Fundi aliyekataa kupanda alionekana haamini mkono wake mwenyewe, na habari hiyo ilienea Butembo nzima kabla ya chakula cha mchana.

Miaka ile ya vita wenye bunduki walikuwa ndio serikali, na serikali ilibadilika kila walipogombana wenyewe kwa wenyewe. Barabara ya Kasindi, ile ya kwenda mpakani, ikifungwa, kipuri kipya hakikupatikana. Kilichozunguka ni kile cha zamani. Kwetu beringi haifi mara moja: ikitolewa kwenye gari fundi anaiweka pembeni, na seremala wa chukudu anakuja kuichukua, kwa sababu chukudu, hilo gari la mbao linaloshushwa mlimani likiwa na viazi au makala, yaani makaa, haliendi bila beringi kwenye magurudumu yake. Nusu ya chukudu za upande wa Bulengera zilikuwa na kitu kilichotoka gereji yetu. Tulijivunia jambo hilo kijinga kabisa, kana kwamba tulikuwa tumezizaa.

Kamanda aliyekuja siku ile alikuwa mtu wa jimbo la mbali. Alikuwa na jeep ndogo, askari wake, na sauti ya chini ya mtu ambaye hajawahi kurudia amri mara mbili. Gari lilitangulia kusikika kabla halijaonekana.

“Fundi, hii gari inalia sana,” alisema. “Leo naingia Beni. Tengeneza noki, haraka.”

Kaka aliinua gari, akauma turnevis yake, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. “Mukubwa, roulement ya nyuma kulia imekufa,” alisema. “Mupya haiko mu mji muzima. Njia ya Kasindi imefungwa.”

“Miye hapana uliza njia. Nauliza gari.”

Kaka aliifuta turnevis yake kwa kitambaa. Alijua pa kuipata, na mimi nilijua kwamba anajua, na tulitazama chini sote wawili. Lakini askari mmoja alikuwa mwenyeji wa huku. Alinyoosha kidole barabarani, ambako mzee mmoja wa Bulengera alikuwa anasukuma chukudu yake na magunia ya viazi. “Mukubwa, roulement njo ile pale,” alisema. Wakamleta mzee na chukudu yake. Beringi ya gurudumu lake la nyuma tulikuwa tumeitoa wenyewe kwenye jeep kama ileile, ikiwa imechoka kwa gari lakini nzuri sana kwa viazi.

“Papa soldat, hii chukudu njo shamba yangu,” mzee alisema. “Batoto banakula hapa.”

Kulikuwa na ufunguo wa kufungulia nati, na kaka alinyoosha mkono kuuchukua, lakini askari aliona haraka zaidi kuipasua mbao kwa kitako cha bunduki. Alipasua gurudumu, kisha bila sababu yoyote akapasua na usukani. Mzee aliketi juu ya magunia yake kando ya barabara, akabaki pale kutwa nzima, na watu waliopita walimsalimu kwa sababu hawakujua la kufanya. Nilimchukia askari yule kuliko kamanda. Mpaka leo namchukia, kwa sababu alijua chukudu ni nini.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo linaniuma zaidi. Tuliondoa gurudumu na ngoma ya breki, tukaivuta ekseli, tukapasua kwa patasi ile pete inayoshikilia beringi. Tukaosha beringi ya mzee kwa petroli, tukaijaza grisi, kaka akaigonga mahali pake. Pete nyingine aliiweka kwenye makala mpaka ikageuka rangi ya bluu, akaidondosha, ikashika barabara. Alipouma turnevis kwa mara ya mwisho aliniambia kwa Kinande, lugha yetu, yule askari mwenyeji akiwa mbali, kwamba beringi hiyo itafika Beni, na baada ya hapo asiulizwe yeye.

Kisha akafuta mikono, na maneno yakamtoka mdomoni kama salamu. “Basi, mukubwa, tupande pamoja nisikilize.”

Hakuna aliyemwomba. Ilikuwa desturi tu, heshima ya fundi kwa mteja. Kamanda alimtazama kama mtu aliyepewa mbuzi ambaye hakumtarajia. Kaka akapanda nyuma, akafumba macho. Nilisimama mlangoni kumsubiri arudi kwa miguu.

Baadaye watu wa njiani walituambia kwamba jeep ilipita mlima wa kwanza bila kupunguza mwendo. Walimwona kaka amefumbua macho, anagonga bega la dereva, na kamanda, kama askari wake walivyosimulia baadaye wakicheka, alimwambia bila kugeuka, “Unasikiliza vizuri. Utasikiliza mpaka Beni.”

Ujumbe ulitufikia kwa mchuuzi wa mafuta ya mawese. Kamanda alisema gari lenye beringi ya chukudu haliwezi kwenda vitani bila fundi wake. Aletewe mpya, na fundi atarudi nyumbani. Mke wa kaka alikuja gerejini akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono. Hakulia. Alisema tu, “Utafute ile kitu, umurudishe.” Nami sikuwa na mke wala mtoto, wala usingizi, basi nikaitafuta. Mfanyabiashara mmoja aliyepitisha vitu kwa siri kutoka Kasindi alinipatia beringi moja mpya, ikiwa bado ndani ya karatasi yake ya mafuta. Niliificha kwenye gunia la maharagwe, nikapanda lori la kwenda Beni.

Nilimkuta kaka kwenye ua wa wanunuzi wa kahawa, ambao askari walikuwa wameugeuza kambi. Alikuwa amekonda na amevaa koti la jeshi lisilo lake. Aliponiona hakufurahi. Aligeuza uso kama mtu aliyeona nyoka, na mimi nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimelala juu ya magunia njia nzima kwa ajili yake.

Kamanda aliipokea beringi, akaigeuzageuza. Kisha akasema, “Onyesha mikono.” Nikaionyesha. Grisi ya miaka ilikuwa imejaa kwenye kucha, hata sabuni haikuiweza. Akacheka. “Hii ni mikono ya fundi. Donc, basi, niko na bafundi babili.”

Nikasema haraka lile nililokuwa nimeliwaza njiani. “Mukubwa, uache kaka yangu arudie. Yeye iko na batoto. Miye nabaki.”

“Unajua kazi kama yeye?”

“Najua.”

“Tutaona. Gari inalia tena. Sema ni wapi.”

Niliamini kwamba nikifaulu tutabadilishana. Kaka alikuwa ameishi na mtu yule na alijua kwamba mkono wake haukuachia kitu. Walinipa turnevis. Niliuma upande wa kushoto, askari akazungusha gurudumu, nikasikia maji mbali, safi kabisa. Niliuma upande wa kulia, ile beringi ya mzee wa Bulengera, na ilinitikisa mpaka machoni. Haikuwa tena changarawe, yalikuwa mawe. “Iko kulia,” nilisema. “Ibadilishwe leo, sivyo gurudumu itatoka na ekseli yake.”

Kaka alicheka. Alinijia akicheka, akanipiga kofi ambalo baba yetu hakuwahi kunipiga. “Mukubwa, huyu hapana fundi,” alisema. “Kwetu anaosha tu bifaa. Kucha yake ni michafu sababu ni muvivu wa kuoga. Iko kushoto.” Askari wakacheka. Akaendelea kunitukana, akisema mama yetu alinipata uzeeni ndiyo maana sina akili, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa. Nilitaka kumrukia. Mdomo ulinijaa damu na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kisha akafungua gurudumu la kushoto, akavuta ekseli, akapasua pete, akaitoa beringi. Ilikuwa imepakwa grisi nyeusi, lakini jua lilipopiga pembeni niliona chuma kinang'aa bila hata alama. Ilikuwa nzima. Aliiinua mbele ya kamanda. “Muone, mukubwa, imekufa.” Kamanda aliichungulia, akatikisa kichwa kama mtaalamu. Dereva alisogea naye aione, lakini kaka aliiweka juu ya jiwe na kuipiga nyundo mpaka ikapasuka.

Kisha alichukua beringi yangu mpya, ile niliyoileta imelala kwenye maharagwe, akaitia kushoto, kwenye gurudumu lisiloumwa. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wake wote, pete ikageuka bluu, ikadondoka mahali pake. Ya kulia aliiacha ilivyokuwa, akamwambia kamanda kwamba beringi mpya hulia kidogo mpaka izoee.

“Toka, punda,” aliniambia. “Wende kuuza makala.”

“Mufukuze huyu,” kamanda alisema. “Roulement nimepokea. Fundi nimependa.” Hivyo ndivyo ahadi yake ilivyokwisha. Askari walinisindikiza kwa mateke mpaka langoni, na nilipogeuka kaka alikuwa tayari amenipa mgongo, anapanga vifaa. Sikupata kumwambia hata neno.

Waliondoka Beni kuelekea barabara ya Mangina, na wachuuzi ndio walioleta habari. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma kulia lilitoka pamoja na ekseli yake, jeep ikapinduka. Kamanda alivunjika mkono. Alimwamuru fundi apige magoti palepale, kando ya gurudumu, akamwambia kwamba amekosea upande, na akampiga risasi. Walimwacha hapo. Wanakijiji walimzika, na sisi hatukuwahi kupewa nafasi ya kuliona kaburi.

Basi maneno hayo ndiyo yaliyofika Butembo: fundi alikosea upande. Kwenye gereji za Kimemi wapo wanaoyasema hata leo, wakiwafundisha vijana, kwamba hata fundi hodari aliyesikiliza kwa meno alibadilisha ya kushoto wakati ya kulia ndiyo iliyokufa. Wanayasema kwa huruma. Huwa naondoka kabla sijamshika mtu shingo.

Mke wake aliyasikia sokoni. Alikuja kwangu akiwa na nguo ya matanga, akafunga mlango, akaniuliza kama ni kweli mume wake alikosea. Sikuweza kumwachia hilo. Nilimweleza yote: turnevis, kofi, beringi iliyong'aa, nyundo. Nilimwambia kwamba hakukosea hata kidogo, kwamba alijua, na kwamba kama angesema kweli tungebaki wote wawili mikononi mwa mtu yule. Nilidhani namletea faraja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha chini, akamfunga upya kamba ya kiatu, polepole.

“Basi alijua hatarudi,” alisema. “Kati ya weye na miye na hii batoto, alichagua weye.”

Tunaishi ua mmoja, watoto wake nimewasomesha mimi, na tangu siku ile hajanisalimu.