Waya Mzima

Zulaikha ni fundi cherehani wa Kamembe, na jirani yake ni mwanamuziki. Ametunga kwa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kuomba kusikia wimbo wake mara ya pili. Vidole vyake havitulii: hupiga meza, paja, hata kikombe cha chai. Mara kwa mara huja na simu, akapiga magoti kando ya cherehani kurekodi mlio wake, akinong'ona, "Maman, shona tu, usiniangalie." Binti wa Zulaikha alipoolewa, jirani akaitwa apige muziki, akaja na bafle mbili, spika zake kubwa. Katikati ya nyimbo za watu wengine akaingiza wake mmoja. Zulaikha akaitambua cherehani yake mle ndani, ikikimbia, ikikwama, ikilia kama muntu, mwili ukamsisimka. "Papa, bafle yako imeharibika!" mjomba wa bibi harusi akapaza sauti. Kabla Zulaikha hajafungua kinywa, mwanamuziki alikwishainama, akachomoa waya mzima kabisa, usio na hitilafu yoyote. "Ni waya tu, Mzee. Munisamehe." Akarudisha nyimbo za watu, ukumbi ukacheza. Tangu siku ile, cherehani ikianza kulia, jirani hufunga mlango wake.