Zulia la Uani

Mche wa kwanza nilipewa na jirani anayeuza mboga Ilala: kijitawi chenye majani ya kijani, njano na rangi ya damu ya mzee. Jina lake hakulijua. "Unapenda maji tu," aliniambia. "Upande karibu na bomba."

Mimi na binti yangu wa miaka minne tulikuwa tumepanga chumba cha uani kwa bibi mmoja mjane, nyuma ya Kariakoo. Nikaupanda bombani, na masika yalipokwisha ulikuwa umetambaa mpaka ukutani. Wapangaji wakauita zulia.

Kiangazi kikaja, maji yakawa ya mgawo. Pale bombani majani yakasinyaa. Kule ukutani, ambako sikumwagilia hata kopo moja, yakazidi kunawiri. Nilifurahi. Bibi hakufurahi.

"Pale unamwagilia?" aliniuliza.

"Hapana, bibi."

Akautazama ukuta, halafu akasema, "Mtoto asicheze pale."

Nilidhani anaogopa nyoka. Nikaanza kuogopa nyoka na mimi.

Asubuhi moja nilikuwa napunguza majani kule, mguu wangu wa kulia ukazama hadi gotini. Chini yangu nikasikia udongo ukiporomoka, kisha, mbali, ukaanguka majini. Harufu ikapanda. Binti yangu alikuwa anakuja, kandambili mkononi.

"Mama, simama hapo hapo," nikamwambia kwa sauti ndogo, maana niliona hata kelele itaniangusha.

Bibi alitoka jikoni, akamvuta mtoto nyuma, akaburuta mlango mkuukuu uliokuwa umeegemezwa nje ya jiko, akanisukumia. "Usisimame. Lala juu yake, tambaa."

Nikatambaa. Nilipomfikia, akanishika kwapani, akaniinua.

Lilikuwa shimo la choo cha zamani, ambalo marehemu mumewe alilifunika kwa magogo na mabati. Alijua lipo, ila vyumba vilipoongezwa, akapasahau mahali penyewe. Mafundi walipolifungua nilichungulia, nikaona maji meusi chini na mizizi myeupe ikining'inia kuyafuata. Wakalijaza kifusi.

Jioni ile bibi akaja mlangoni kwangu. "Mwanangu, mashimo yalikuwa mawili," akasema. "Hilo jingine nadhani liko huku vyumbani."

Tangu hapo nikawa nagonga sakafu kwa kisigino kabla ya kumtandikia mtoto, nikisikiliza. Mwezi haukuisha, tukahamia Buguruni, ghorofani.