Nilimchora Bonaya Mahali Asipokuwapo

Walisema mtoto wa mkulima wa mpunga hawezi kula kwa penseli. Nilikula! Nilibeba mawe ya ujenzi Nairobi, nikajilipia karo, nikarudi kwetu Garsen na diploma ya uchoraji. Hilo najivunia hata leo. Lakini nina damu mikononi, ndugu zangu, na picha iliyoimwaga ina sahihi yangu.

Bonaya, mfugaji, ndiye aliyenifundisha uso wa mtu. Alikaa mbele ya hoteli nimchore, malipo yake kikombe cha chai. "Fundi, niongezee meno, mawili yameshakwenda!" Nilimchora hadi mkono ukamjua kwa moyo.

Kisha mapigano ya wakulima na wafugaji yakaanza. Kijiji chetu kilichomwa. Nilijificha migombani, nikamsikia shangazi akipiga mayowe ndani ya nyumba inayowaka, mpaka akanyamaza. Wavamizi walijifunga vilemba usoni. Sikuona sura hata moja!

Nikayachora yote: moto, mapanga, ng'ombe ndani ya mpunga. Bila uso, picha niliiona imekufa. Basi kiongozi wa wavamizi nikampa sura ya Bonaya.

Niliitundika hotelini. Watu wakajaa, wengine wakalia. Ole wangu, nilivimba kichwa!

Binamu yangu akasogea. "Huyu si Bonaya?"

"Mimi huchora nilichokiona," nikajibu.

Vijana wa kwetu walimkuta Bonaya sokoni, nami nipo, maana mjini wakulima na wafugaji tulikuwa bado tunachanganyika. Panga la kwanza lilimpata begani. Akanikimbilia, akanishika shati.

"Fundi, waambie! Waambie si mimi!"

Wote wakanitazama. Niliogopa kuitwa mwongo. Nikaitoa mikono yake shatini, kidole kwa kidole. Wakamkatakata miguuni pangu!

Vita vilipopoa nilikwenda kwa kaka yake, nikamweleza yote. Alikuwa amechuchumaa akimpaka ndama dawa, hakuinua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi ondoka kabla sijasimama."

Mamangu alikuwa akinunua maziwa kwa mke wa Bonaya. Tangu alipojua nilichofanya, haonji chakula nilichonunua mimi. Hata chumvi!

Wewe unayechora, unayeandika, unayesimulia: uso usiouona, uache mtupu. Ukiulizwa mbele ya watu, sema kweli papo hapo, hata wakikucheka. Mimi sikutaka kuchekwa, na mtu akachinjwa.