Nilipoomba Dawa ya Panya

Jumamosi, tarehe 19 Julai. Baridi tangu alfajiri, manyunyu yale ya Julai ambayo hujui kama ni mvua ama ni ukungu, na matope kutoka Shauri Moyo mpaka Gikomba.

Naandika haya nikiwa na aibu, na sijui hata kama kuna haja ya kuyaandika, maana nusu ya mtaa inayajua tayari na ile nusu nyingine itaambiwa kesho kanisani kabla ya wimbo wa kwanza. Lakini wakisimulia wao wataongeza, nami nikikaa kimya nitapunguza, kwa hivyo heri niandike leo kabla sijaanza kujitetea.

Kwanza nikiri kwamba ndani ya nyumba yangu, mimi fundi wa kushona sare za shule, mke wa mtu na mwimbaji wa kwaya, kulikuwa na panya wa kufugwa. Binti yangu Kageha alimkuta likizo ya Aprili ndani ya gunia la vipande vya vitambaa chini ya cherehani, hajafungua macho, mwekundu kama kidole cha mtoto mchanga, na mama wa panya huyo nilikuwa nimemnasa kwa mtego siku iliyotangulia, mimi mwenyewe, kwa hivyo sikuwa na mdomo wa kukataa. Kageha alimlea kwa maziwa aliyomdondoshea kwa uzi wa pamba. Akamwita Karani, kwa sababu akila alikaa wima, ameshika punje ya mchele kwa mikono miwili, kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine. Shule zilipofunguliwa Kageha akarudi bwenini, na pale mlangoni akanishika mkono akasema, "Mama, huyu usiniambie ametoroka."

Alikuwa na haki. Miaka miwili iliyopita baba yake alimpa rafiki yake wa Komarock paka wa Kageha kwa sababu alikuwa anakojolea viatu (paka, si rafiki), nami nikamwambia mtoto kwamba paka ametoroka, hata nikamtafuta pamoja naye nikiita jina lake nyuma ya nyumba, halafu siku moja mtoto akamwona paka yule kwenye picha ndani ya simu ya yule rafiki, amelala juu ya kochi, amenenepa. Tangu siku hiyo nikimwambia jambo huniangalia kwanza usoni. Kila Jumamosi saa kumi jioni hupiga kwa simu ya matroni, dakika tano tu, na swali lake la kwanza huwa, "Karani amekula?"

Sasa leo asubuhi Karani hakula.

Nilimkuta amejikunja kwenye pembe ya katoni yake, manyoya yamesimama, na machoni na puani ana kitu chekundu ambacho niliona ni damu. Kila akivuta pumzi unatoka mlio mdogo, tik, tik, kama cherehani iliyokosa mafuta. Na jana jioni tu alikuwa amepanda begani kwangu akitafuna uzi! Nikampigia Baba Kageha, aliyekuwa zamu karakana ya reli, nikamweleza yote, naye akasema, "Mama Kageha, huyo ni panya," akakata simu, kama mtu aliyemaliza kujibu. (Si mtu mbaya. Yeye ndiye humletea njugu.) Nikafikiria saa kumi jioni. Nikamtia Karani ndani ya soksi ya sufu, nikaitia soksi kifuani ndani ya sweta, nikajifunga leso juu yake, nikatoka kwenda agroveti, lile duka la dawa za mifugo lililo karibu na soko.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni jambo dogo mno. Ningeingia tu na kusema, "Nina panya, anaumwa, nisaidie," pengine ningechekwa kidogo nikarudi nyumbani. Lakini nilipoingia nilimkuta Mama Mutindi, jirani yangu wa mlango wa tatu, akipimiwa chakula cha kuku, na Mama Mutindi ndiye katibu wa mkutano wetu wa wapangaji, ule ambao mwezi uliopita mimi nilisimama, hakuna aliyenituma, nikasema panya wa Gikomba wametuzidi, kila nyumba iweke sumu siku moja, na atakayekataa tujue ni yeye anayewafuga. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Watu wakapiga makofi. Na wakati huo Karani alikuwa nyumbani, amelala ndani ya kofia yangu ya kwaya.

Kwa hivyo nikasogea karibu na muuzaji nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nataka dawa ya panya."

"Sawa mathe," akasema. (Ni kijana mwenye adabu, na nataka ijulikane kwamba hakukosea hata mahali pamoja.) "Ya unga ama ya tembe?"

"Ya unga. Tembe hataweza kumeza."

"Ah, hawa hutafuna tu. Ni wale wakubwa ama wadogo?"

"Mdogo. Miezi mitatu haijaisha."

Akaniangalia. "Umejua aje?"

"Nimehesabu."

"Kwani wako wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu! Basi paketi ndogo inatosha na itabaki. Changanya na kitu anachopenda."

"Anapenda omena."

"Mathe, wewe umewasoma hawa! Omena ni sawa kabisa."

Nikamwuliza itachukua muda gani, akasema nimpe jioni, asubuhi nitamkuta ametulia. Neno hilo "ametulia" lilinifurahisha nusura nilie. Nikamwuliza kama ataumia. Hapo Mama Mutindi akageuka na mfuko wake mkononi, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haki Mama Kageha! Si ni wewe ulitangaza vita? Leo unawahurumia?"

Nami nikacheka pia, kicheko cha uongo. Nafikiri adhabu yangu ilianzia pale, kwa sababu nikiwa bado nacheka nilisikia kifuani ule mlio umekoma. Tik, halafu kimya. Halafu kimya tena. Nikaona asubuhi ni mbali, na saa kumi jioni yenyewe ni mbali, heri apate dozi ya kwanza papo hapo. Nikairarua ile paketi kwa meno, nikamwaga unga kidogo kwenye kidole, kwa mkono wa pili nikatoa soksi kifuani nikaiweka juu ya kaunta, nikasema, "Basi nisaidie nimpe kidogo sasa hivi."

Kichwa cha Karani kikatokea.

Sijui nianze na nani. Muuzaji aliruka nyuma akagonga rafu, chupa za dawa ya kupe zikaanguka moja baada ya nyingine bila haraka, kama zinazopanga foleni. Mzee mmoja aliyekuwa amenunua vifaranga aliachia katoni, vifaranga wakatawanyika sakafuni mpaka nje kwenye matope. Mama Mutindi, mwanamke mzito kunishinda, alikuwa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe kabla sijageuza shingo. "Yesu wangu! Alikuwa kwa kifua yako! Mama Kageha, alikuwa kwa kifua yako!" Karani kwa hofu alijaribu kukimbia, lakini miguu haikuwa na nguvu, akaanguka kutoka kaunta mpaka chini, na mwanamume mmoja aliyekuwa akichagua jembe akaliinua juu na kusema, "Ondokeni nimmalize!"

Nikajitupa. Nililala sakafuni kifudifudi, magoti na viwiko, Karani chini yangu na vifaranga wakinipita kichwani, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kwenye kwaya, "Usimwue! Ni mtoto wangu!"

Nilitaka kusema ni wa mtoto wangu. Hilo "wa" lilipotelea njiani.

Nikamsikia mtu aliye nje akiuliza, "Amesema ni nani?" na mwingine akamjibu bila mzaha wowote, "Anasema amemzaa." Nilipoinua macho kulikuwa na simu tatu zinanitazama. Leso ilikuwa imefunguka. Muuzaji akazunguka kaunta, akachuchumaa mbele yangu, akamwangalia Karani, akaangalia kidole changu chenye unga.

"Mathe," akasema polepole, "huyu ndiye ulikuwa unataka kumpa?"

"Ndiye. Ni mgonjwa."

"Mathe. Hiyo ni sumu."

Basi nikaelewa yote kwa mara moja, ya unga, ya omena, ya kutulia. Kidole changu kilikuwa hatua moja tu kutoka mdomoni mwake. Miaka yangu yote nimeomba dawa ya kikohozi nikapewa ya kuponya kikohozi, dawa ya minyoo ikaua minyoo, na sikuwahi kujiuliza panya yuko upande gani. Kijana alinipeleka kwenye bomba, akanisimamia nikinawa kwa sabuni mara tatu, akaichukua na ile soksi akaitupa kwenye pipa, akanipa kitambaa kisafi.

Kisha akamwangalia Karani kwa makini, na hilo nalikumbuka kwa shukrani, kwa maana wenzake walikuwa wanafukuza vifaranga na kucheka. Akasema hajawahi kumtibu panya na akinipa dawa ya kuku atakuwa anakisia. Daktari wao huja Jumanne. Ile nyekundu hadhani ni damu, lakini kifua kimejaa.

"Analala wapi?"

"Kando ya jiko la makaa," nikasema, "kwa sababu ya baridi. Kwenye vumbi la mbao, naliomba kwa maseremala."

Akamfunika Karani kwa kile kitambaa. "Moshi na vumbi, mathe. Na kifua chenyewe ni kidogo hivyo."

Hakulisema kwa kunilaumu. Ingekuwa afadhali.

Nilirudi nyumbani mchana kweupe katikati ya wauza mitumba, sweta lina matope na Karani mkononi ndani ya kitambaa cha agroveti, na habari ilikuwa imetangulia. "Mama Panya! Mtoto anaendelea aje?" Wakacheka. (Mmoja, yule wa mashuka, nadhani aliuliza kweli.) Mama Mutindi alinifuata nyuma na mfuko wake, akanishika kiwiko tulipofika penye utelezi.

"Ungeniambia tu," akasema. Halafu baada ya hatua kumi, "Na mkutanoni tutasema nini?"

Nikakaza kitambaa mkononi, tukaendelea kutembea.

Nyumbani nilimwaga maji kwenye jiko, nikafungua dirisha la upande usio na upepo, nikatupa vumbi lote la mbao, nikamtandikia vipande laini vya fulana juu ya chupa ya maji ya moto. Nikamdondoshea maji kwa uzi kama alivyofanya Kageha. Alimeza tone la kwanza na la pili. La tatu likamtiririka kidevuni.

Saa kumi kamili simu ikalia.

"Mama. Karani amekula?"

Ninaandika ukweli: jibu la uongo lilikuja mdomoni kwanza. Lilikuwa tamu na fupi. Nikalimeza nikamwambia hapana, hajala, ni mgonjwa sana, na nafikiri ni mimi, ni moshi wa jiko, na leo nusura nimpe sumu kwa kuona aibu mbele ya Mama Mutindi. Nikasikia matroni kwa mbali akisema dakika mbili. Kageha hakulia. Akasema, "Mweke kwa simu."

Nikaiweka simu karibu na sikio lake. Alichomwambia sikukisikiliza, nilisikia jina tu. Sikio la Karani lilitikisika, ama ulikuwa mtetemo wa simu, siwezi kuapa. Nilipoirudisha simu Kageha akasema, "Asante kwa kuniambia," kwa ile sauti ambayo mtu humsemeshea karani wa posta, na simu ikakatika.

Karani alikufa kama saa kumi na mbili kasoro, mkononi mwangu. Alinyoosha mguu mmoja, basi. Baba Kageha aliingia akanikuta nimekaa hivyo, akavua kofia, akachuchumaa kando yangu.

"Tumwambie nini?" akauliza.

"Kwamba amekufa."

"Wiki nzima mpaka Jumamosi."

"Wiki nzima. Halafu nitamwambia."

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuchimba mahali nyuma ya bomba la maji. Nami namwambia yeyote atakayesoma daftari hili kwamba kuanzia leo nitaita kitu kwa jina lake lote, hata kama mkutano mzima wa wapangaji umesimama nyuma yangu, kwa sababu nilikata neno moja ili nisichekwe, na nikachekwa, na hata huruma yangu yenyewe, ile ya jiko, ndiyo iliyokuwa ikimwua kidogo kidogo tangu baridi ianze.

Jiko lilikuwa limezimwa tangu saa sita kwa ajili ya kifua chake, na baada ya yeye kufa hakuna kati yetu aliyekumbuka kuliwasha. Tulikula mkate mkavu na ndizi mbili, na maji.