Ule Mpira wa Kaka Yangu

Mimi si mtu wa kukaa. Mke wangu ananipa kiti, dakika mbili nimeshasimama, niko mlangoni, niko barabarani, nimerudi. Wajukuu wanacheka. Waache wacheke. Miguu hii ilianza kunisumbua nikiwa kijana, wakati wa Wabelgiji, kwenye mgodi wa bati karibu na Mubi, na sababu yake ni mpira.

Asubuhi tulichota mchanga mtoni. Saa kumi filimbi ikalia, tukakimbia uwanjani bila hata kunawa matope. Uwanja tuliufyeka wenyewe, na goli lilikuwa miti miwili na wa tatu juu yake. Aliyetufundisha alikuwa mzungu, makanika wa pampu. Ukimwita Mbelgiji alitupa spana chini na kutukana kwa lugha yake. Alisema yeye ni Muskoti, basi tukamwita Muskoti, akaridhika.

Kwao alikuwa mchezaji wa kulipwa mshahara. Hatukumsadiki. Mtu mzima alipwe kwa kupiga mpira? Wapi! Lakini siku alipougusa mbele yetu kwa mara ya kwanza, tulimsadiki wote. Goti lilimvunjikia uwanjani akiwa bado kijana, akafundisha watoto wa klabu yake, akagombana na wakubwa, akaja kwetu kutengeneza pampu. Sasa wale wakubwa walikuwa wamemwandikia: rudi, uwe meneja wa klabu nzima. Barua ile ilikaa mfukoni mwake mpaka ikalainika. Aliitoa, akaisoma, akairudisha, akaenda mbele na nyuma kandoni mwa uwanja. Tulikuwa wawili tusiotulia pale, yeye na mimi.

Alitaka kumwachia mmoja wetu ekipe, timu yetu, kabla ya kuondoka. Shefu wa mgodi hakupenda. Yeye alimtaka karani wa buro, mtu aliyekuja uwanjani na mwavuli na hakuwahi kupiga hata chungwa. Walibishana, mwishowe wakapatana hivi: tutacheza mara mbili na watu wa Kitshanga, wale wa mashamba ya pareto. Tukishinda hata mara moja, Muskoti atachagua mtu wake. Tukishindwa zote mbili, ni karani.

Niseme ukweli, niliitaka ile kazi mpaka chakula kikanishinda. Lakini kila mtu alijua itakwenda kwa kaka yangu. Yeye alikuwa kapiteni. Papa yetu alipokufa, yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyenifundisha kuwinda. Kwetu Kibua sheria ya pori haina maneno mengi: mkuki uliotoa damu ya kwanza ndio wenye nyama. Hata mnyama akikimbia hadi jioni, wewe uliyemmalizia unamfikisha bila kumkata mlangoni kwa mwenyewe, naye anakupa shingo, unashukuru. Nikiwa mdogo nilimmalizia kaka mnyama, nikakata mguu mmoja nikauficha. Hakunipiga. Alinibebesha ule mguu nikapita nao nyumba kwa nyumba, nikisema kila mlango kwamba nyama hii ni ya kaka. Ee, ile haya! Mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka.

Tukapanda kamio, lori la mgodi, kwenda Kitshanga, kutwa nzima tukipanda milima, baridi ikitutafuna sisi watu wa pori. Walitufukuzia ng'ombe watoke uwanjani, ndipo tukacheza. Tulikuwa goli moja kwa moja, na mchezo karibu uishe, kaka akapiga mpira kwa nguvu, ukagonga mti wa goli, ukanirudia mguuni. Mlinda goli wao alikuwa amelala chini. Goli lilikuwa wazi, hata mama mzee angelifunga.

Nikasimama. Nikauacha mpira pale, nikasogea pembeni kumpisha kaka aje amalize cha kwake. Naye akaja, bila haraka, kwa heshima. Watu wa Kitshanga walituangalia mimi naye, hawakuelewa kitu, kisha mmoja akauchukua tu ule mpira, akakimbia nao mpaka upande wetu, wakafunga. Uwanja mzima ulicheka mpaka watu wakashika mbavu.

Katika kurudi, hakuna hata mmoja wa wenzangu aliyenilaumu. Walisema nimefanya vema, mpira ule ulikuwa wa kaka, na kaka mwenyewe alinipa nusu ya muhogo wake. Muskoti peke yake ndiye aliyewaka. Aliacha nafasi yake mbele kwa shofa, akapanda nyuma kwetu, akataka kujua ni uchawi gani ule. Nikamweleza habari za damu ya kwanza na shingo. Alisikiliza mpaka mwisho, akisugua goti lake. Akasema kwao pia aliwahi kumalizia mpira wa rafiki yake, rafiki akanuna juma zima, kisha akasahau. Halafu akanitazama mimi, si kaka.

"Mupira haiko nyama," akasema. "Haina damu. Ule anaikuta, njo yake."

Yaani aliyeukuta ndiye mwenye nao. Kaka alisikia. Aligeuza uso akatazama barabara.

Majuma mawili yale kabla ya mchezo wa pili, wacha tu. Nilitembea. Nilikwenda mtoni bila ndoo. Mke wangu aliniuliza kama nimekalia siafu. Nilimwogopa karani na mwavuli wake, nikamwogopa kaka, na zaidi nilijiogopa mwenyewe, maana nilijua Muskoti alikuwa amenitazama mimi.

Wakashuka watu wa Kitshanga. Mubi yote ilikuja, hata wawindaji waliacha nyavu zao. Hakuna aliyefunga. Jua lilikuwa limeshainama pale kaka alipopiga tena, mlinda goli akaupangua, ukaja miguuni pangu, upande uleule. Nilimsikia kaka nyuma yangu. Alikuwa anakuja. Nilisikia pumzi yake, hatua mbili, labda tatu. Hakuniita. Hakuona haja ya kuniita.

Nikapiga. Ukaingia.

Refa alipomaliza mchezo, Muskoti alinikimbilia na goti lake bovu, akanishika bega, akanipeleka mpaka mbele ya shefu. "Huyu," akasema, basi. Watu walinibeba. Nikiwa juu ya mabega yao nikamwona kaka anavua jezi, anaikunja vizuri, anaiweka juu ya majani pale alipopigia ule mpira, anakwenda zake. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi sana, na furaha yenyewe iliniuma.

Muskoti akaondoka na kamio la kwanza kwenda kuwa meneja kwao, mimi nikabaki antrenere, mwalimu wa timu ya mgodi. Ekipe nilikaa nayo mpaka uhuru, tulishinda mara nyingi. Kaka alikaa karibu kabisa na uwanja, hata makelele yetu yalimfikia akiwa kitandani. Hakuja hata siku moja.

Lakini neno lake alikuwa ameshalisema, siku ya saba tu baada ya lile goli. Baada ya misa tulikwenda pori, watu wa ukoo wote. Mkuki wangu ndio uliompata nguruwe kwanza, ubavuni, damu kila mtu aliiona. Alivuka kijito, na ng'ambo kaka akammalizia. Nikarudi nyumbani kungoja aniletee, maana yeye, tangu nizaliwe, hakuwahi kukosea sheria hata kwa ndege. Mke wangu akawasha moto, akabandika maji. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda. Maji yakachemka, akayaongeza. Ndipo nikaona moshi nyumbani kwa kaka, na harufu ya nyama ikatufikia.

Mwishowe akaja mke wake, amebeba kitu kidogo kimefungwa kwa majani. Alimpa mke wangu, hakunitazama usoni.

"Kaka yako anasema: ule anaikuta, njo yake."

Mke wangu akafungua majani. Ilikuwa shingo. Akaipika, akaniita nije nikae tule. Niliila nimesimama.