Motokaa ya Baba Mdogo Imemvunja Paja, na Aliyeiharibu Namjua

(Jina la kijana aliyetuandikia tumelifungia dawatini. Majibu yenu yaleteni kwenye ukurasa huu, naye atayasoma hapa kama ninyi.)

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa. Sina mke, sina baba, na meno mawili ya mbele sina tena. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu anasema alinifukuza, mimi nasema tuliachana. Nakaa upande wa Boito kwa baba mdogo, aliyetoka kwetu ziwani kuja kuuza unga kwa watu wa mashamba ya chai, na ndiye amenilea tangu baba afe. Kati ya Kericho na Bomet hakuna kijana anayeijua motokaa kunishinda. Kama yuko, aandike barua yake.

Baba mdogo ana motokaa kuukuu ya kupeleka watu wa nyumbani kanisani, na siku nyingine magunia. Ina pedeli tatu: ya kupanda mlima, ya kurudi nyuma, ya kusimama. Ndani ya giaboksi kila pedeli ina ukanda wake wa pamba. Ukikanyaga, ukanda unakaba chuma kinachozunguka, na motokaa inatii. Basi, sasa mmesoma kama mimi.

Miezi minne iliyopita tulikwama mlimani, nyumba nzima ndani. Nilikanyaga ya mlima mpaka chini, injini ikanguruma, lakini motokaa ikawa inateleza kurudi. Mwana wa baba mdogo, nitamwita Odongo, rika langu, akasema injini imekufa.

"Omera, ndugu yangu, umeona wapi maiti inapiga kelele hivi?" nikamwuliza.

Nikaigeuza, nikapanda mlima wote kinyumenyume, matako mbele. Mzee mmoja Mkipsigis akasimamisha ng'ombe wake atutazame.

"Kijana, hii kitu yako imesahau kichwa iko wapi?"

"Inakuonea haya, mzee."

Watu wakacheka, lakini mimi ugonjwa nilikuwa nimeshaupata. Kurudi nyuma ina nguvu, kwenda mbele haina. Basi injini ni nzima, ukanda wa mlima ndio umekwisha. Baba mdogo alinisifu mbele ya wote, na Odongo sifa zangu humkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipotumwa Kericho kuleta ukanda mpya, akasema ataufunga yeye.

"Aufunge," baba mdogo akasema. "Naye ni mwanangu."

Kericho hakuiona. Alishinda kambini kwa wachuma chai, pesa za ukanda akazinywea pombe ya busaa, akarudi jioni, akajifungia na motokaa, akatoka anajipangusa mafuta mikononi kama fundi.

Asubuhi ilikuwa baridi ile yetu ya ukungu. Baba mdogo hampi mtu hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele mpaka iwake. Anasema mwenye nyumba ndiye huamsha kilicho chake. Akasimama mbele ya motokaa, nyuma yake ukuta wa duka, akazungusha. Injini ikawaka na motokaa ikaondoka, hakuna mtu ndani. Ikambana ukutani na kuendelea kusukuma. Mfupa wa paja nilisikia ukikatika kama muwa. Niliruka ndani nikaizima.

Hata kabla hatujamtoa, Odongo akapaza sauti, "Ni huyu, anayeifunguafungua kila siku." Akaokota hendeli akanipiga nayo mdomoni. Jino moja nilitema, la pili nikameza. Nilimrukia nikamng'ata sikio mpaka sikujua damu ipi ni yake na ipi ni yangu. Ndipo watu wa dukani wakanishukia kwa rungu na mateke. Nililazwa kwenye banda la kuku, nakojoa damu. Msidhani nilishindwa. Walikuwa wengi.

Nilipoweza kusimama, nikafungua kifuniko cha giaboksi. Pamba hamna. Mna kamba ya ngozi, ile ya kufunga miguu ya ng'ombe mwenye mateke wakati wa kukamua, manyoya bado yako juu yake. Ngozi ilikakamaa kwa baridi ikakaba chuma bila mtu kukanyaga. Ndiyo sababu motokaa ilikwenda yenyewe.

Mama mdogo alinikuta hapo. Akaitambua kamba ya ng'ombe wake. Akapiga magoti kwenye tope, yeye aliyenilisha.

"Mwanangu, wa kiume nina huyu mmoja. Na baba yenu unamjua."

Namjua. Kijana aliyemwibia unga alimkata vidole kwa panga, na panga ile sasa iko chini ya godoro lake. Anasema, "Nikisimama, mkono ulioharibu giaboksi nitaukata, hata ukiwa nimeuzaa mimi." Ameamuru kwamba siku atakayotupa fimbo anayotembelea nifungue kifuniko mbele ya watu wote wa nyumbani, niseme ugonjwa, kwa kuwa najiita daktari wa motokaa.

Odongo naye alinifuata kisimani. "Ukifungua kile kifuniko, nakufungua tumbo."

"Lete kisu kirefu, nimenenepa," nikamjibu. Lakini nalala na spana mkononi.

Nikinyamaza, mkono utakaokatwa ni wangu. Nikisema, ni wa Odongo, na mama mdogo nitamtazama na macho gani? Nikiitoa ngozi kimya, baba mdogo atauliza ukanda uko wapi. Nikikimbia, nimekubali kosa lisilo langu.

Wasomaji, mdomo wangu haujawahi kukosa neno, na leo umekosa. Nishaurini kama mtoto wenu, nifungue au nisifungue? Semeni upesi. Jana nilimwona baba mdogo akitoka kitandani mpaka kwenye motokaa bila kushika ukuta.