Jogoo Mtoro wa Guatapanal

Ukimuuliza Ersilio Tavárez amerekodi santuri ngapi, atakwambia kumi na moja. Kisha ataongeza kwamba watu wanaikumbuka moja tu, na ni ile ambayo kwa miaka mingi aliomba isahaulike.

Pale kijijini kwake, Guatapanal, wanamwita Silo. Enzi hizo alikuwa akitunga majani ya tumbaku bandani pamoja na Nereo Almonte, rafiki yake tangu utoto. Nereo ndiye aliyemshika Casilda, binti wa Silo, siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wakaacha kuitana majina. Ikawa kompadre huku, kompadre kule, kwa heshima, maana kompadre hakosewi. Jioni Silo akipiga kodiani na kuimba merenge, muziki wa dansi wa kwao, ni Nereo aliyemhimiza aende kurekodi. Alikuwa akimwambia sauti kama ile isiachwe iliwe na wadudu wa tumbaku.

Sasa Nereo naye alikuwa na lake. Mwaka mmoja alimpeleka jogoo wake kupigana, jogoo aliyemsifu wiki nzima. Yule ndege alipomwona mwenzake akaruka juu, akapita kwenye kofia za watu, akatokomea migombani. Tangu hapo, Nereo akitoka tu bandani, wanamwita Jogoo Mtoro. Mbele yake, hapana. Watu wa kule kila mmoja ana jina la kuitwa na jina la kusengenywa, na mwenye akili hayachanganyi.

Mwaka wa sitini na nane Silo akapanda lori na wenzake wawili hadi mjini Santiago. Chumba cha kurekodia kilitundikwa mablanketi ukutani, na maikrofoni ilikuwa moja kwa wote. Mpiga ngoma alikaa karibu, na yule wa kukwaruza bati akasukumwa hadi mlangoni, maana bati lake humeza sauti za wengine.

Na merenge ina desturi yake. Wimbo ukishachemka, mwimbaji huwasalimu watu wake kwa majina, na aliyetajwa kwenye santuri hutembea kifua mbele mwaka mzima. Nereo alikuwa ameomba atajwe wa mwisho, kwa sababu la mwisho ndilo hukaa sikioni.

Likakaa kweli. Kodiani ilipopamba moto Silo alifumba macho, akajiona yuko bandani, wenzake wanacheka, na ulimi hauna mfupa.

"Na kwa kompadre wangu, Jogoo Mtoro wa Guatapanal!"

Aliomba warudie. Fundi wa kurekodi akasema imetoka vizuri mno, hasa pale mwisho.

Haukupita mwezi, kila duka lenye mashine ya santuri ya kutia sarafu lilikuwa linaupiga wimbo ule. Nereo aliusikia akiwa amekwenda kununua kahawa. Watu wakageuka kumtazama. Akairudisha kahawa mezani, akaenda zake. Silo alipokwenda kumwomba radhi, hakutukanwa.

"Angekuwa mtu mwingine ningempiga," alisema Nereo. "Wewe ni kompadre, basi nitanyamaza."

Akanyamaza miaka thelathini na moja.

Silo alirekodi nyingine kumi. Katika kila moja, salamu ya mwisho ilikuwa ya Don Nereo Almonte, muungwana wa Guatapanal, jina kamili, polepole, kama mtu anayesoma cheti. Hazikuvuma. Baadaye wenye kampuni ya santuri wakafunga, mashine zikaondolewa madukani, mkwaruza bati akafariki, mpiga ngoma akahamia New York na kuleta kadi moja tu, yenye picha ya theluji. Lakini Silo hadi leo anaikumbuka harufu ya kile chumba, vumbi la blanketi na kahawa ya fundi, na jinsi walivyorudi kwenye lori wakila mkate na soseji, wote wakicheka isipokuwa yeye.

Mwaka wa tisini na tisa Casilda akawa anamwoza binti yake. Akamfuata Nereo, akamwambia, "Baba wa ubatizo, utakaa meza moja na baba yangu, au harusi naivunja."

Nereo akaja na fimbo yake, akaketi, hakumtazama mtu. Vijana wakautaka wimbo ule. Silo akaupiga, na alipofika kwenye salamu akaimba:

"Na kwa kompadre wangu, Don Nereo Almonte..."

Fimbo ikagonga sakafu. Kodiani ikanyamaza.

"Huyo simjui," alisema Nereo. "Wajukuu zangu huko New York hunipigia simu wenzao wakisikiliza, niseme kwamba mimi ndiye yule wa kwenye santuri. Sema kama ilivyo, kompadre."

Silo akauliza, "Si ulininunia?"

"Nilinuna, mwaka mmoja, labda miwili. Halafu nikasikia kila santuri unaniita Don, kama mtu wa serikali. Nikajua sasa wewe ndiye uliyeninunia mimi."

Silo akauanza wimbo upya, tangu mwanzo. Lakini alipofika pale mwisho sauti ilimkatika, ikabidi Nereo alitaje jina mwenyewe.